Beryl Markham: Bibi Aliyeijua Ardhi, Akahadaiwa na Nyasi

Jina la Bibi Beryl Markham likitajwa, wengi huikimbilia bahari aliyoivuka peke yake, na wengine huwakimbilia waume zake na wale wasiokuwa waume zake. Mimi nimezisoma habari zake kwa miaka mingi, na kila nikizirudia naona kwamba lililoyaongoza maisha ya bibi huyu si bahari wala mapenzi, bali ni ardhi. Nasema ardhi ya nyasi, ile ambayo ndege ndogo huteremka juu yake na rubani asijue kama itampokea au itammeza. Manahodha wa kwetu pwani wanalijua jambo hili kwa upande wao. Jahazi mara nyingi haliangamii katikati ya maji makuu. Huangamia karibu na nchi, penye miamba na mafungu, wakati mabaharia wameshaanza kunusa moshi wa majiko ya mjini. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Hewani haina cha kugonga. Taabu yake ni kurudi chini.

Bibi huyu alizaliwa Uingereza, katika kijiji cha Ashwell, tarehe 26 Oktoba mwaka wa 1902, na jina la ukoo wake lilikuwa Clutterbuck. Alikuwa bado mtoto mdogo alipoletwa Kenya na wazazi wake. Babake, Charles Clutterbuck, alipata shamba huko Njoro, akafuga farasi wa mashindano, akaweka vinu vya kusaga unga na mashine za kupasua mbao. Mamake hakuyaweza maisha yale, akarudi kwao Uingereza, na binti akabaki na baba. Lakini baba alikuwa mtu wa shughuli nyingi, basi ukitaka kusema kweli mtoto yule alibaki na watu wa shamba, na hasa Wanandi na Wakipsigis waliokuwa wakifanya kazi pale.

Akacheza na watoto wao, akasema lugha yao, na Kiswahili akakijua tangu udogoni. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye alipotahiriwa na kuwa mtu mzima akaitwa arap Ruta. Babake Kibii, arap Maina, ndiye aliyekuwa akiwachukua watoto hawa kuwinda ngiri kwa mikuki na mbwa, miguu mitupu, mpaka vita vya kwanza vya dunia vilipomchukua akapigane upande wa Waingereza, na asirudi tena.

Nataka msomaji aushike uwindaji huo, kwani humo ndimo mlimokuwa chuo chake. Sisi katika vyuo vyetu vya Kurani tulifundishwa kuifuata herufi kwa kidole juu ya ubao kabla jicho halijaizoea. Huyu alifundishwa udongo kwa wayo. Alijua pale palipokauka juu na chini pana maji. Alijua shimo la ngiri lililofichwa na majani, na kichuguu kilicholala, na ule udongo mweusi wa nyanda za juu ambao kiangazi hupasuka kama mkate mkavu na masika hunata mguuni mpaka kiatu kikabaki nyuma. Baadaye, alipokuwa akizunguka hewani kutafuta mahali pa kutua, elimu hiyo ndiyo aliyokuwa nayo. Uwanjani hapakuwa na mtu wa kumwongoza kwa redio, na redio yenyewe hakuwa nayo.

Ukame na mikataba mibaya ya unga vilimfilisi babake baada ya vita, mzee akauza mali akaenda zake Peru. Binti, ambaye alikuwa ameshaozwa kwa mume wake wa kwanza kabla hajatimiza miaka 17, akabaki Kenya akaanza kufundisha farasi wa mashindano, kazi ambayo wakati ule haikuwa ya wanawake. Mwaka wa 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio za St. Leger mjini Nairobi. Mwaka uliofuata akaolewa na Mansfield Markham, ambaye ndiye aliyemwachia jina tunalomjua kwalo, akazaa mtoto mmoja wa kiume, na ndoa hiyo nayo ikavunjika. Kuna mengi yaliyosemwa juu ya mwana wa mfalme wa Uingereza aliyezuru Kenya mwaka wa 1928. Wanaoyapenda mambo hayo wana vitabu vyao vya kuyasoma, na mimi nayaacha.

Ndege zilikuwa ndio kwanza zinaingia nchini. Mwaka wa 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways huko Nairobi, naye rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black. Huyu ndiye aliyemfundisha Beryl kurusha ndege, mwaka wa 1931, katika ndege ndogo ya mabawa mawili aina ya Gipsy Moth, kwenye uwanja ambao haukuwa na lami, ila nyasi na udongo. Campbell Black hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Yasemekana alikuwa akimwacha mwanafunzi wake akosee mpaka karibu na hatari, ndipo aingilie kati.

Mwaka huo huo wa 1931 ndege ilimpa Beryl onyo kubwa. Nalisimulia kwa urefu kidogo kwani linahusu pwani yetu, na lina mtu ndani yake aliyesahauliwa.

Denys Finch Hatton alikuwa Mwingereza wa ukoo mkubwa, mwindaji aliyekuwa akiwatembeza matajiri porini, na watazamaji wa sinema wanamjua kwa sababu ya Karen Blixen. Kidogo kinachojulikana ni kwamba alikuwa na nyumba Takaungu, upande huu wa Kilifi, kwenye ukingo wa bahari. Alikuwa na Gipsy Moth yake ya rangi ya manjano, na fikira yake ilikuwa kuitumia ndege kuwatafuta ndovu kutoka juu ili kuwapunguzia wawindaji mwendo wa siku nyingi. Mwezi wa Mei aliruka kuja pwani, na katika kutua, kipande cha tumbawe kilirushwa kikaimega rafadha ya ndege. Kila aliyewahi kulima shamba huku kwetu anaijua ardhi hiyo: juu majani mazuri, na chini yake jiwe la matumbawe lenye makali kama wembe. Ikabidi iletwe rafadha nyingine kutoka Nairobi. Ndege ilipokuwa tayari akaruka mpaka Voi kuwatafuta ndovu.

Alikuwa amemkaribisha Beryl afuatane naye katika safari hiyo. Campbell Black, kwa sababu ambayo hata mwenyewe hakuweza kuieleza vizuri, alimsihi asiende, naye akamsikiliza. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 ndege ile ilipaa kutoka kiwanja cha Voi, ikazunguka, kisha ikaanguka mzima mzima na kuwaka moto. Finch Hatton akafa. Akazikwa katika vilima vya Ngong, na kaburi lake lina mnara, na wageni hupelekwa kuliona mpaka leo.

Ndani ya ndege ile mlikuwa na mtu wa pili. Jina lake Kamau, mtumishi wake, Mkikuyu. Naye alikufa dakika ile ile, kwa moto ule ule. Katika vitabu vingi nilivyovisoma Kamau hupewa maneno matano au sita, na wengine hawampi hata hayo. Sinema ile iliyopata tuzo nyingi ilimpaisha Finch Hatton na kumwangusha, na wala haikutuonyesha kwamba hakuanguka peke yake. Mtu akiuliza Kamau alikuwa mwana wa nani, au nani aliyepelekewa habari ya msiba nyumbani kwake, vitabu hivyo havimjibu. Mimi sioni kwamba hili ni jambo dogo. Ndege ikianguka haitengi bwana na mtumishi. Wanaotenga ni waandishi.

Mtu aliyekaribia hivyo kupanda chombo cha mauti angetazamiwa kukiogopa. Beryl hakuacha. Miezi miwili baadaye alipata leseni yake ya kwanza. Mwezi wa Aprili 1932, akiwa na ndege yake mwenyewe aina ya Avro Avian, aliruka peke yake kutoka Kenya mpaka Uingereza. Mwaka wa 1933 akapata leseni ya kuruka kwa malipo, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya. Kuanzia hapo akawa rubani wa kukodiwa: leo abiria, kesho barua, keshokutwa dawa.

Hapa sina budi kueleza, kwa ajili ya msomaji ambaye ndege anaijua ya uwanja wa Mombasa tu, kwa nini nyasi laini ni adui.

Ndege nyingi ndogo za zamani zilikuwa na magurudumu mawili mbele, chini ya mabawa, na nyuma zilikokota gurudumu dogo au kipande cha chuma chini ya mkia. Uzito wa ndege hukaa nyuma kidogo ya yale magurudumu ya mbele. Sasa ndege inateremka, ina mwendo, magurudumu yanagusa nyasi. Ikiwa ardhi ni ngumu, yanazunguka na ndege inakwenda ikipunguza mwendo wake polepole. Ikiwa ardhi ni laini, magurudumu yanashikwa. Yamesimama, lakini mwili wa ndege bado unakwenda. Basi mkia unanyanyuka, pua inazama, rafadha inachimba udongo na kuvunjika, na kama mwendo ulikuwa mkubwa ndege hupinduka kichwa chini miguu juu, na rubani akabaki ananing'inia kwenye mikanda yake kama popo, petroli ikimdondokea. Mtu anayewajua punda wetu wa Lamu anaweza kuelewa: punda akisimama ghafula, mpandaji haanguki nyuma, huanguka mbele.

Ndege za siku hizi nyingi zina gurudumu la mbele chini ya pua, na watu hudhani hilo limemaliza taabu. Halikumaliza. Gurudumu la pua likizama katika tope, mguu wake huvunjika, na pua hulala chini vile vile. Na nyasi zikilowa bila ardhi kulainika, kuna balaa la namna nyingine, kwani breki hazishiki na ndege huteleza mpaka kwenye ua au mtaro wa mwisho wa uwanja. Kupaa nako ni shida. Tope huishika ndege isipate mwendo, nyasi ndefu huikokota, na kiwanja kilichotosha wakati wa kiangazi hakitoshi tena masika.

Rubani mwenye akili hufanya mambo machache. Hupita juu ya kiwanja kwanza, chini chini, akiangalia rangi. Kijani kilichokolea sana kuliko majani ya pembeni ni dalili ya maji. Hushusha ndege kwa mwendo mdogo kadiri iwezavyo kubaki hewani, huvuta usukani kwake ili mkia ukae chini, na breki haigusi. Na kama ameshatua salama, kabla ya kupaa tena huteremka akakitembea kiwanja kwa miguu yake, akikanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, husubiri jua.

Haya yote Beryl aliyafanya mara nyingi mno. Katika kitabu chake anasimulia safari ya usiku mpaka Nungwe, kwenye machimbo ya dhahabu huko Tanganyika, kusini ya Ziwa Viktoria, akipeleka mtungi wa hewa ya oksijeni kwa mgonjwa wa mapafu. Kiwanja kilikuwa upenyo porini, na kilichomwonyesha mahali pa kukanyaga ni mienge iliyowashwa na watu waliomngojea gizani. Arap Ruta, yule rafiki wa utotoni, ndiye aliyekuwa naye katika kazi hizi. Aliiosha ndege, akaitia mafuta, akamngojea kila aliporuka. Aliyecheza naye akiwa sawa naye, ukubwani alimtumikia kwa mshahara, na yeye Beryl mwenyewe katika kitabu hakulificha jambo hilo, ingawa sioni kwamba lilimkosesha usingizi.

Kisha akaishika ile kazi aliyoifia Finch Hatton, kuwatafuta ndovu kutoka juu. Mteja wake mkubwa alikuwa Bror Blixen, Mswidi aliyekuwa mume wa Karen. Beryl aliruka juu ya vichaka vya Ukambani, na alipowaona ndovu wenye pembe kubwa alikuwa akiandika habari na kuitupa chini ndani ya mfuko uliofungwa utepe wa rangi, ili wawindaji wauone ukianguka. Kazi yenyewe mimi siipendi, na ndovu waliokuwa huko wakati ule leo hatunao. Lakini watu wa pwani hatuna haki ya kuinua sauti sana katika habari ya pembe, kwani bandari zetu zilijengwa nusu kwa hizo.

Safari moja mvua kubwa ilinyesha, mito ikafurika, na Blixen pamoja na tajiri wa Kimarekani Winston Guest na watu wao wakazingirwa na maji, chakula kikawaishia. Ndege tu ndiyo iliyoweza kuwafikia, na ndege haina pa kutua katika vichaka vya miiba. Kiwanja kikakatwa kwa mapanga. Wanaume wenye njaa walifyeka miiba na kung'oa visiki katika ardhi iliyolowa, mpaka ukapatikana mkanda mfupi ambao rubani mwingine angeutazama akaenda zake. Beryl akatua, akapakia mtu, akapaa. Kila kupaa magurudumu yakipita karibu na ncha za miti. Ustadi wake sina shaka nao. Ila kila nikifika ukurasa huo huwafikiria wale wenye mapanga. Wao ndio waliojua kila shina lilipokuwa, na kama wangaliacha kisiki kimoja, hadithi ingalikwisha hapo.

Ndipo tunafika kwenye ile safari iliyompa jina ulimwenguni.

Kuivuka bahari ya Atlantiki kutoka Marekani kuja Ulaya lilikuwa jambo lililokwisha kufanywa. Amelia Earhart aliivuka peke yake hivyo mwaka wa 1932. Kutoka Ulaya kwenda Marekani ni kugumu zaidi, kwani upepo huja usoni, na ndege huteketeza mafuta bila kupiga hatua, kama dau linalopanda kusini wakati wa kusi. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameivuka peke yake kwa upande huo. Lord Carbery, mlowezi aliyekuwa na shamba Nyeri, alikuwa na ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, akamwazima. Ilitiwa matangi ya ziada ya petroli mpaka ndani ya chumba alimokaa rubani. Redio haikuwemo.

Aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni ya tarehe 4 Septemba mwaka wa 1936, katika hali mbaya ya hewa, akikusudia New York. Usiku kucha alikuwa katika mvua na giza, akiifuata dira, akifungua tangi moja baada ya jingine kwa mkono wake, na kila tangi likiisha injini hunyamaza mpaka jingine lishike. Fikiri, msomaji, ukimya huo juu ya bahari usiku. Mchana wa pili aliiona nchi, naye alikuwa amebakiwa na tangi moja ambalo kwa hesabu lilitosha kumfikisha uwanjani. Injini ikaanza kukohoa. Baadaye ilidhaniwa kwamba barafu iliziba njia ya hewa ya tangi, petroli ikawa haiteremki vizuri.

Alikuwa juu ya kisiwa cha Cape Breton, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, mahali paitwapo Baleine. Chini palikuwa na mawe makubwa na kati yao uwanda wa kijani. Hakuwa na nafasi ya kupita mara mbili kuangalia rangi ya majani. Hakuwa na arap Ruta wala watu wa mapanga, na ile ardhi hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Yote aliyoyajua juu ya udongo aliyajua Njoro na Ukambani, na huko hakuna kinamasi cha nchi ya baridi, ambacho majani na kuvu huota juu ya maji yakafungamana kama mkeka, na macho yakadhani ni malisho ya ng'ombe. Aliishusha ndege kwa ubavu kuyakwepa mawe, magurudumu yakagusa, na yakazama. Pua ikaingia katika tope, mkia ukabaki juu, naye akatupwa mbele, kichwa chake kikagonga kioo.

Alikuwa amekaa hewani kwa saa 21 na dakika 25. Alitoka akiwa na jeraha kwenye paji la uso, damu ikimtiririka, akatembea katika kinamasi kile akizama mpaka alipokutana na wenyeji, wavuvi wa mahali hapo. Ipo picha ya ndege ile ikiwa imesimamia pua yake, mkia unaelekea mbinguni, na watu wameizunguka wakiishangaa. Kwa rubani hiyo ni picha ya aibu. Kwa ulimwengu ilikuwa picha ya ushindi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi bila kutua njiani. New York ikampokea kwa shangwe, meya wake La Guardia akiwa miongoni mwa waliomlaki.

Mimi naamini kwamba tope lile lile lililomwangusha ndilo lililomponya. Kama magurudumu yangaligonga jiwe, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini marubani niliowahi kuzungumza nao juu ya habari hii hawakubaliani nami. Wao husema aliponywa na mwendo mdogo aliotua nao, na mwendo mdogo ni kazi ya mikono yake. Huenda wao wana haki kuliko mimi.

Furaha haikudumu. Tarehe 19 Septemba, wiki mbili tu baada ya kinamasi cha Baleine, Tom Campbell Black alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool. Huyu ndiye aliyemfundisha, na mwaka wa 1934 yeye na mwenzake Scott walikuwa wameshinda mashindano makubwa ya ndege kutoka Uingereza mpaka Melbourne. Ndege yake ilikuwa chini, juu ya nyasi, haijaruka. Ndege ya kijeshi iliyokuwa imetoka kutua ikamwendea bila kumwona, rafadha yake ikampasua ubavu. Mtu aliyevuka majangwa na bahari akauawa katika uwanja tambarare, mchana kweupe, na magurudumu yake yakiwa ardhini.

Baada ya hapo Beryl hakuruka tena kwa namna ile. Alikwenda Marekani, na mwaka wa 1942 kikatoka kitabu chake, West with the Night. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na wapo wanaosema kitabu ni kazi ya mume. Mimi nimeishi na kalamu muda wa kutosha kujua kwamba mume anaweza kunyoosha sentensi za mkewe. Hawezi kumpa mwanamke miguu iliyokanyaga Njoro, na kitabu kile kimejaa miguu. Wakati huo vita vilikuwa vimewashughulisha watu, kitabu hakikuuzwa sana, kikasahauliwa.

Akarudi Kenya mnamo mwaka wa 1950, akarudia farasi. Katika kazi hiyo alifanikiwa kuliko wengi, akashinda Kenya Derby mara sita. Kisha uzee ukaja, fedha zikaisha, akawa anaishi katika kijumba karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, na wapita njia hawakujua ni nani.

Aliyemfufua ni maiti mwingine. Ernest Hemingway alikuwa amekisoma kitabu kile mwaka wa 1942 na kukisifu katika barua kwa mhariri wake, akisema kwa maana kwamba bibi huyu ameandika vizuri kuliko yeye. Hemingway mwenyewe aliionja ardhi yetu: mwezi wa Januari 1954 ndege aliyoipanda iligusa waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison huko Uganda ikaanguka, na kesho yake ndege ya pili iliyokuja kumchukua ilishindwa kupaa katika kiwanja kibovu cha Butiaba, ikawaka moto, naye akautoboa mlango kwa kichwa chake. Magazeti ya dunia yakamzika angali hai. Barua yake ilipogunduliwa upya, kitabu cha Beryl kikachapishwa tena mwaka wa 1983, kikauzwa mno, na kikongwe wa miaka 80 akapata riziki ya miaka yake ya mwisho.

Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti mwaka wa 1986. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja itimie miaka 50 tangu aruke kutoka Abingdon.

Ile Vega Gull iliyozama Baleine haikuishia Kanada. Ilichomolewa katika tope, ikatengenezwa, ikarudishwa kwa mwenyewe, na kwa masimulizi ya Beryl iliuzwa, ikafika Dar es Salaam, na huko ikaachwa uwanjani bila mtu wa kuitunza, chumvi ya bahari yetu ikaila injini mpaka ikashikana kwa kutu.